Mama wa mtoto dhaifu si mgeni wa wodi

Watu wa Ikutha hutegemea mvua za Novemba. Zile za Machi huja zikipenda, na mara nyingi hazipendi. Ndiyo sababu wiki hizo kila mwenye jembe katika sehemu hizo za kusini mwa Kitui huwa shambani tangu alfajiri, akipanda pojo, kunde na mtama kabla udongo haujakauka. Ni katika wiki hizo, mwaka juzi, ambapo mke wa mpwa wangu alishikwa na uchungu mimba ikiwa ya wiki 30 tu. Alijifungua mtoto wa kike mwenye uzito wa gramu 1,300. Usiku uo huo mama na mtoto walitiwa katika ambulensi wakapelekwa hospitali kubwa iliyo mbali na nyumbani, na mtoto akalazwa ndani ya inkubeta, kile kisanduku cha kioo chenye joto, katika wodi ambayo akina mama huiita nasari.

Walikaa huko siku 58. Wengi waliosikia habari hiyo waliniuliza juu ya mashine, dawa na bili. Mimi nataka kuandika juu ya benchi.

Siku ya tano daktari alimpima mama, akaona amepona, akamwandikia ruhusa ya kwenda nyumbani. Hapakuwa na kosa katika hilo, kwani kitanda chake kilihitajiwa na mzazi mwingine. Lakini mtoto hakuruhusiwa. Tangu saa hiyo, katika vitabu vya hospitali, mtoto alikuwa mgonjwa na mama yake alikuwa mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Mgonjwa ana kitanda, ana chakula na ana faili. Anayekuja kumwona ana saa moja mchana na saa moja jioni. Na mtoto huyu alitakiwa kupewa maziwa ya mama yake kila baada ya saa tatu, yaani mara nane kati ya usiku na mchana. Sijui ni nani aliyepanga hesabu hizo mbili, lakini ni dhahiri kwamba hazikupangwa na mtu mmoja.

Wauguzi wa zamu walilijua tatizo hilo na walimruhusu aingie hata usiku, jambo ambalo kwa kanuni za pale halikufaa. Akawa analala kwenye benchi lililo nje ya mlango wa nasari. Benchi likijaa, alilala sakafuni juu ya leso, pamoja na wanawake wengine waliokuwa na hali kama yake. Walioga kwa zamu katika choo cha wagonjwa wa kutwa kabla hawajaanza kuingia. Chakula kilipopita kwenye kigari kilikuwa cha wagonjwa. Siku moja alitoka kwenda kununua uji kwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara, na aliporudi akakuta askari wa lango amebadilishwa. Huyo mpya hakumjua, na saa za kuwaona wagonjwa hazikuwa zimefika. Alisimama nje ya lango kwa muda wa saa nzima, maziwa yakimlowesha nguo, na aliyekuwa akiyasubiri yuko hatua mia moja tu kutoka hapo.

Msomaji anaweza kuona kwamba haya ni mambo ya huruma, na kwamba hospitali zetu zina shida kubwa kuliko mahali pa kulala watu ambao si wagonjwa. Nilidhani hivyo hivyo mimi pia, hata nilipoanza kuuliza ni kitu gani hasa kinachomponya mtoto wa namna hii.

Mtoto aliyezaliwa wiki ya 30 hajui kunyonya. Kunyonya, kumeza na kupumua ni kazi tatu, na uwezo wa kuzifanya kwa mpango huja karibu na wiki ya 34. Kabla ya hapo hulishwa kwa mpira mwembamba unaopitia puani hadi tumboni. Siku za kwanza binti yetu alikuwa akipewa mililita mbili kwa mara moja, kiasi ambacho hakifikii nusu ya kijiko cha chai. Kidogo hicho ndicho kinachomtenga na kifo, kwa maana maziwa ya mama yana kinga ambayo yale ya mkebe hayana, na humwepusha na ule ugonjwa wa kuoza utumbo unaowaua wengi wa watoto hawa. Lakini maziwa hayatoki kwa kutakwa tu. Titi lisilokamuliwa mara kwa mara huacha kutengeneza. Mama aliyelala sakafuni, aliyekunywa uji mara moja tangu asubuhi, na ambaye haruhusiwi kumfikia mtoto isipokuwa saa fulani, hukamua tone, kisha nusu ya tone, kisha hana. Ndipo watu husema amekauka, kana kwamba ni kisima.

Katika hospitali ya uzazi ya Pumwani mjini Nairobi kuna benki ya maziwa ya akina mama, ya kwanza humu nchini, iliyofunguliwa mwaka 2019 kwa ajili ya watoto ambao mama zao hawana ya kutosha. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini Pumwani haiko jirani na Ikutha.

Baada ya maziwa kuna ngozi. Mwaka 1978, huko Bogotá, mji mkuu wa Colombia, daktari aitwaye Edgar Rey alikuwa na inkubeta chache na watoto wengi, wawili watatu wakilazwa katika kisanduku kimoja na kuambukizana maradhi. Akaamua kuwafunga vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu anavyobeba mtoto wake. Kwa miaka mingi njia hiyo ilihesabiwa kuwa ya maskini, yaani ya wale wasioweza kununua mashine, na hata penye kuikubali ilisemwa kwamba mtoto asubiri kwanza apate nguvu ndani ya inkubeta.

Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi tano, mojawapo ikiwa jirani zetu wa Tanzania katika hospitali ya Muhimbili. Watoto zaidi ya 3,200 waliozaliwa na uzito wa chini ya kilo 1.8 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitunzwa kwa desturi ya kawaida. Kundi la pili liliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, na ili jambo hilo liwezekane, vitanda vya akina mama viliingizwa ndani ya wodi ya wagonjwa mahututi, kando ya mashine. Katika siku 28 za kwanza, kundi la kawaida lilipoteza watoto karibu 16 katika kila 100. Lile la vitanda lilipoteza 12. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa kuwa ilionekana si haki kuendelea kuwanyima wengine. Mwaka uliofuata, 2022, Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake: mtoto wa namna hii aanze kubebwa kifuani mara moja, isipokuwa yule asiyeweza kupumua mwenyewe au aliye katika hatari kubwa.

Watoto wanne katika kila mia moja, na wa kwanza kuingizwa wodini alikuwa mama na kitanda chake.

Tena kuna macho. Wiki ya tatu, usiku wa manane, mke wa mpwa wangu alikuwa ameketi karibu na inkubeta akingoja saa ya kukamua. Akaona midomo ya mtoto inageuka rangi. Alimwita sista, naye alifika mbio akamsugua mtoto mgongo na nyayo, mara akavuta pumzi. Watoto hawa husahau kupumua, kwa sababu sehemu ya ubongo inayowakumbusha haijakomaa. Sista yule alikuwa mmoja na watoto walikuwa zaidi ya ishirini. Sitaki kumlaumu. Nauliza tu, kama kanuni ya saa za kuwaona wagonjwa ingefuatwa usiku ule, macho hayo yangekuwa wapi?

Na karibu yasingekuwapo. Siku ya kumi na moja simu ilitoka nyumbani. Nyanya wa mtoto ndiye aliyekuwa akiwatunza wale wakubwa wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine wa mitatu, na huyo wa mitatu alikuwa na homa. Shamba lilikuwa nusu. Mpwa wangu alikuwa kwenye mjengo Nairobi, na angeacha kazi nani angelipa? Nyanya akamwambia mkaza mwanawe, "Mwanangu, rudi nyumbani. Huyo yuko na madaktari. Hawa wako na nani?"

Wapo waliomwita mama huyo katili nilipowasimulia. Mimi sikumwona hivyo. Amelea watoto tisa na kuzika watatu, na swali aliloliuliza ni swali la haki. Alichokosa ni mtu wa kumweleza kwamba madaktari wale walikuwa na mashine na dawa, lakini hawakuwa na maziwa wala kifua. Hospitali yenyewe haikuwa imemweleza. Ilikuwa imemwonyesha kinyume, kwa kumpa mtoto kitanda na kumpa mama benchi. Mtu akitazama mpangilio huo, ataamini nini ila kwamba mama hana kazi pale?

Jambo jingine nililoliona ni la jina. Kwa mila ya Wakamba mtoto hupewa jina siku chache baada ya kuzaliwa, na kabla ya hapo huhesabiwa kuwa bado ni wa huko kwa mizimu. Marehemu Profesa John Mbiti, ambaye alikuwa mzaliwa wa Kitui, alilieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini za Kiafrika. Wazee walisema tungoje tuone kama huyu atakaa. Ikapita wiki, zikapita mbili, kibandiko kwenye inkubeta kikisoma "Mtoto wa" kisha jina la mama. Siku ya ishirini mama aliomba kalamu kwa sista akaandika jina mwenyewe, bila kumwuliza mtu. Sista mmoja aliniambia baadaye kwamba tangu siku ile hata wao walibadilika, wakawa wanasema fulani amekunywa, fulani ameongeza gramu kumi. Huenda ni maneno tu. Lakini gramu kumi za mtu mwenye jina zina uzito wake.

Wenye kupinga wana hoja zao. Ya kwanza ni maambukizo: wodi imejaa, ukiongeza akina mama utaongeza vijidudu. Ni hoja ya zamani. Huko Uingereza, kabla ya mwaka 1959, hospitali nyingi ziliwaruhusu wazazi kuwaona watoto wao kwa saa chache tu kwa wiki, kwa sababu hiyo hiyo ya vijidudu, na kwa sababu mtoto hulia mzazi akiondoka. Mwaka huo ripoti ya kamati iliyoongozwa na Sir Harry Platt ilipendekeza wazazi waruhusiwe wakati wowote na akina mama wapewe mahali pa kulala. Hospitali za watoto hazikuanguka. Na utafiti niliotaja wa mwaka 2021 haukuonyesha kwamba mama kando ya mashine huleta kifo, alikipunguza. Mama huosha mikono na kumshika mtoto mmoja. Muuguzi peke yake hushika ishirini.

Hoja ya pili ni pesa. Hapa nakiri kwamba kaunti zetu hazina fedha za kuchezea. Lakini kitanda cha chuma, godoro na sahani ya githeri ni vitu ambavyo havihitaji kuagizwa ng'ambo, wala kutengenezwa na fundi wa kutoka Nairobi vikiharibika, wala havizimiki umeme ukipotea. Mtoto anayepata maziwa ya kutosha na kubebwa kifuani huongeza uzito upesi, na anayeongeza uzito upesi huiacha inkubeta mapema kwa ajili ya mwingine.

Ajabu ni kwamba hospitali isiyo na nafasi ya mama imewahi kuwa na nafasi ya mdeni. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kuwa ni kinyume cha Katiba kumzuia mzazi hospitalini kwa sababu ya bili, baada ya wanawake wawili waliozuiwa katika hospitali moja ya uzazi jijini Nairobi kwenda kushtaki. Kwa hiyo mahali pa kumweka mama asiye mgonjwa palipatikana, alipotakiwa asitoke.

Mwaka 2014 walizaliwa huko Meru mapacha wa kike walioungana. Walipelekwa katika hospitali ya kitaifa ya Kenyatta, na Novemba 2016 madaktari wakawatenganisha kwa upasuaji uliochukua saa 23. Waliruhusiwa kwenda nyumbani mwaka 2017. Magazeti yaliwasifu madaktari, na walistahili sifa. Lakini kabla ya saa hizo 23 kulikuwa na miaka miwili na zaidi ya kulisha, kuosha, kugeuza, kubembeleza, na kuwafundisha watoto kucheka ndani ya wodi. Hakuna mpasuaji aliyeifanya kazi hiyo. Aliyekuwa nao ni mama yao.

Sheria yetu ya ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu na baba wiki mbili. Mfanyakazi wa mjini ambaye mtoto wake amelazwa siku 58 hurudi nyumbani akiwa amebakiwa na mwezi mmoja tu, na mtoto ndio kwanza ana kilo mbili. Tanzania ilirekebisha sheria zake za kazi mwaka 2025 ili mzazi wa mtoto njiti, kama wanavyomwita huko, aongezewe muda. Nasi tungefanya vyema kuwaiga. Hata hivyo, mkulima wa Ikutha hana mwajiri wa kumpa likizo. Likizo yake ni jirani atakayempandia shamba.

Sasa niwageukie wenzangu tunaoishi mjini, ambao kijijini tunahesabiwa kuwa na uwezo. Tunajua kuchangia bili. Mtoto akiruhusiwa tu, kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa, M-Pesa inalia, na siku mbili baadaye deni limelipwa na kila mtu ameshukuriwa kwa jina. Nilifanya hivyo mimi pia. Lakini kwa siku 57 zilizotangulia, hakuna hata mmoja wetu aliyetuma shilingi mia mbili za uji na maharagwe. Nilimwuliza mama wa mtoto ni nini kilichomsaidia zaidi pale. Nilitarajia anitajie mchango. Akasema kuna mwanamke muuza mboga, asiyemjua hata kabila, aliyekuwa akimwachia thamosi ya chai kwa askari wa lango kila asubuhi kwa wiki nne. Nilinyamaza.

Na akina baba. Mpwa wangu alikwenda huko mara tatu, kila mara Jumapili, na mara ya kwanza alirudishwa langoni kwa sababu ile ni wodi ya akina mama. Mara ya pili sista mmoja alimwambia avue shati. Aliona haya, lakini alivua, akawekewa mtoto kifuani kwa muda wa saa mbili ili mkewe alale. Kifua cha baba kina joto kama cha mama, na mwongozo wa mwaka 2022 unasema wazi kwamba mama akiwa hawezi, mtu mwingine wa jamaa ambebe. Aliniambia kwamba alipokuwa ameketi vile, akihofia hata kukohoa, ndipo alipofahamu kwamba huyu ni mtu. Wiki iliyofuata alimpigia simu mama yake mwenyewe, akamwambia shamba liachwe, na mkewe asiulizwe tena atarudi lini. Nyanya alikubali. Majirani wawili walimsaidia kupanda lile nusu lililobaki, wakachelewa, na wakavuna kidogo.

Mtoto huyo sasa anatembea. Anafukuza kuku, anakula udongo, na nyanya yake ndiye anayembeba kuliko watu wote wa boma lile.

Mwezi uliopita nilikwenda tena katika hospitali ile kumwona mzee wetu aliyelazwa. Nikapitia upande wa nasari. Wameweka rangi mpya ukutani, na kuna sinki jipya la kunawia mikono. Benchi bado liko pale pale. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, na nilihesabu wanawake saba, wanne wameketi, watatu chini.